Mstari wa Kumi na Mbili

Daftari la shirika letu lina jalada la buluu,
pembe zimekunjika, linanuka mawese
kwa sababu Mama Nsimire hulitunza karibu na chungu.
Mimi ni katibu. Kila Alhamisi, saa kumi na moja,
tunapanda ngazi za udongo za Kadutu hadi nyumba ya zamu,
tunasoma Injili, tunanyamaza kidogo,
kisha nasoma ahadi, jina kwa jina.

Ya kwanza, Cibalonza: bidoni moja ya maji
kwa yule kipofu wa bondeni, kila asubuhi
(ziwa tunaliona lote, bomba halitoi tone).
Ya pili, Zihalirwa, fundi cherehani:
sare moja ya shule kila mwaka, bila franka.
Ya tano, wajane wawili kwa pamoja:
kopo la unga likibaki nusu, nusu ina mwenyewe.
Ya nane ni yetu sote, kwa herufi kubwa:
NYUMBA YA MMOJA IKIBOMOKA, MAWE NI YA WOTE.

Wote waliandika kwa wino.
Mstari wa kumi na mbili ni wangu, nao ni wa penseli:
Nitamsalimu Mulumeoderhwa.

Miaka mitatu. Mfereji wake ulielekea ukuta wangu.
Nilimwambia, hakusikia. Aliniambia, sikusikia.
Misani, wakati wa kutakiana amani,
mimi nageukia kushoto, yeye kulia,
na Mungu katikati, mikono mitupu.

Kila nilipofika kumi na mbili nilikohoa,
nikafunua ukurasa. Hakuna aliyeuliza.
Afadhali wangeuliza.

Kisha mvua ya Aprili, ile ya usiku,
ikimega kilima tonge kwa tonge kama bugali.
Saa tisa, mlio. Si kwangu. Kwake.
Jiko, choo, na ukuta mzima wa juu
vimelala mferejini, mfereji ule ule.
Watoto wazima. Mbuzi, hapana.

Nililala nikitazama bati langu.
Nikajiambia: kutakucha, wapo wengine.
Lakini katibu ndiye anayeita majina.
Nikatoka na gunia kichwani, nikagonga milango:
"Cibalonza! Ya nane! Zihalirwa, ya nane!"
Hakuna aliyesema, ya nane ni nini.

Tukajipanga toka bondeni hadi juu,
jiwe likipita mkono hadi mkono,
na giza, lisilojua nani amenuniana na nani,
likaniweka karibu naye.

Jiwe toka kwake. Jiwe. Jiwe toka kwake.
Sijui tulipitisha mangapi. Mia mbili?
Matope yalitupa mikono inayofanana.
Nilisikia anavyopumua, kifua kikipiga filimbi:
pumu, ambayo sikuwa nikiijua,
na ukuta mmoja tu kati yetu miaka hii yote.

Karibu na kengele ya kwanza ya parokia akasema:
"Polepole, hilo lina ncha."
Nikalipokea kwa mikono miwili.
"Nimeliona," nikasema.

Alhamisi zamu ilikuwa yake, chini ya turubai.
Chai ya tangawizi, vikombe vya kuazima.
Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya nane.
Nilipofika kumi na mbili sikukohoa.
Mama Nsimire akaninyooshea kalamu.

Sikuandika. Nikasema,
"Mfereji bado hatujauongelea."
Mulumeoderhwa akacheka, akakohoa badala yangu.
"Andika hivyo basi. Andika: mfereji."

Wino ulikataa kwanza.
Nikaupumulia mdomoni mwa kalamu, nikajaribu tena.